Mlengwa, Mwananchi na Mwenye Stahiki: Uhakiki wa Msamiati wa Taaluma ya Sera za Jamii za Kimataifa

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna sera za jamii na sera za umma za kimataifa zinavyosomwa vyuo vikuu. Maandiko ya msingi ya taaluma hiyo yanasomwa sambamba na majina ambayo programu za hifadhi ya jamii zimepewa katika Kiswahili na katika lugha jirani. Hoja inayotetewa ni kwamba msamiati anaoupokea mwanafunzi kama zana zisizo na upande tayari umejibu swali ambalo katika jamii zetu bado lina ubishi: nani anamdai nani, na anamdai nini. Neno linalochunguzwa kwa kina zaidi ni “mlengwa”.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1912 chuo cha London School of Economics kilianzisha idara ya kufundisha sayansi ya jamii. Sehemu ya fedha za kuchunguza umaskini wa Uingereza ilitoka kwa Ratan Tata, wa familia ya wenye viwanda wa Bombay, na mkurugenzi wa kwanza wa mfuko huo alikuwa R. H. Tawney. Jambo hili hutajwa kwa nadra ingawa lina uzito: umaskini wa Waingereza ulichunguzwa kwa fedha zilizotoka katika koloni, na taaluma iliyokua hapo ikaja baadaye kuyapima makoloni yenyewe.

Leo idara hiyo inatoa shahada ya kwanza na ya uzamili katika sera za jamii na sera za umma za kimataifa. Vyuo vingine vya Ulaya na Amerika Kaskazini vina shahada za aina hiyo chini ya majina yanayokaribiana. Katika kanda ya Afrika Mashariki maudhui yake hupatikana zaidi ndani ya kozi za utawala wa umma, taaluma za maendeleo na ustawi wa jamii. Mhitimu anatarajiwa kuwa mshauri. Atakaa wizarani, katika benki ya maendeleo au katika shirika la kimataifa, na siku moja ataandika waraka utakaosaidia kuamua kaya ipi iingie katika orodha ya ruzuku na ipi iachwe.

Waraka huo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, au kwa Kifaransa katika Burundi na Kongo. Kaya inayoandikwa humo, kwa upande wake, husikia uamuzi kwa Kiswahili au kwa lugha yake ya kwanza. Kati ya lugha hizo mbili kuna tafsiri inayofanywa na afisa wa kata, mwenyekiti wa kijiji au mtangazaji wa redio, watu ambao hawakusoma shahada hiyo. Wahakiki wa fasihi wamezoea kuuliza tafsiri imepoteza nini. Hapa swali linageuzwa: tafsiri hiyo imefichua nini ambacho waraka wa awali ulikuwa umekificha?

2.0 Ramani ya kwanza anayopewa mwanafunzi

Maandiko ambayo mwanafunzi wa taaluma hii hukutana nayo mapema yanafahamika. Kuna ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa amekiongoza chuo hichohicho cha London kuanzia 1919 hadi 1937. Kuna insha ya T. H. Marshall kuhusu uraia na tabaka, iliyochapishwa mwaka 1950. Kisha kuna kitabu cha Gøsta Esping-Andersen cha mwaka 1990 kinachozigawa nchi tajiri katika dunia tatu za ubepari wa ustawi. Ni maandiko mazito, na makala hii haina nia ya kuyabeza. Tatizo linaanza pale yanapofanywa ramani, na nchi zisizoonekana katika ramani zikahesabiwa kuwa zimepotea njia.

Kwa Marshall, haki zilikuja kwa awamu: za kiraia katika karne ya 18, za kisiasa katika karne ya 19, za kijamii katika karne ya 20. Mpangilio huo una mantiki kwa Uingereza. Ukipelekwa Tanzania unapinduka. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa kila mtoto. Tamko la haki za binadamu liliingizwa katika Katiba mwaka 1984 tu. Mtoto alipata dawati muongo mmoja kabla baba yake hajapata kifungu cha kumpeleka mahakamani kudai uhuru wake. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa ngazi za Marshall atasema Tanzania iliruka ngazi. Swali lenye manufaa zaidi ni jingine: haki ya kijamii isiyo na haki ya kiraia chini yake hushikwa na nini pale serikali inapoishiwa fedha? Miaka ya 1980 na 1990 ilijibu swali hilo kwa uchungu. Ada na uchangiaji wa gharama vilirudi shuleni na hospitalini, na wazazi waliopoteza huduma hawakuwa na mlango wa kubisha.

Esping-Andersen anazipima nchi 18, zote tajiri, kwa kuuliza ni kwa kiwango gani mtu anaweza kuishi maisha ya heshima bila kulazimika kuuza nguvu-kazi yake sokoni. Kipimo hicho kinamdhania mtu ambaye asipoajiriwa atalala njaa. Mkulima wa Kagera mwenye migomba na ng’ombe wawili hakuwahi kuuza nguvu-kazi yake kwa namna hiyo. Kwa kipimo hiki angeonekana huru kuliko Mswidi, na kwa hakika yumo katika hatari ambayo kipimo hakiioni: mnyauko wa migomba, mgogoro wa mpaka wa shamba, maradhi ya mke ambaye ndiye anayelima. Ian Gough na Geof Wood walijaribu mwaka 2004 kuipanua ramani ili iingie Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. Walistahili pongezi kwa jaribio hilo. Hata hivyo sehemu kubwa ya Afrika ilijikuta katika kundi linalotambulishwa kwa kukosa: tawala za kutokuwa na uhakika. Upatu wa Tanzania, chama cha Kenya, ikimina cha Rwanda na likelemba ya Kongo vinaingia humo kama vibadala vya kitu ambacho hakipo. Hakuna anayesimama kuuliza kanuni ya upatu ni ipi. Kanuni yake ni zamu. Kila aliyemo atapokea, na kinachojadiliwa ni lini. Katika mchezo wa upatu hakuna anayepimwa paa la nyumba yake kabla ya kupewa.

3.0 Ripoti ya mwaka 1964

Kuna andiko moja ambalo lingefaa kusomwa katika wiki ya kwanza ya kozi hiyo, kokote inakofundishwa. Richard Titmuss alikuwa profesa wa utawala wa huduma za jamii pale London tangu mwaka 1950. Yeye na mwenzake Brian Abel-Smith walikuwa wameishauri Mauritius kuhusu sera za jamii na ongezeko la watu, ripoti iliyotoka mwaka 1961. Mwaka 1964 wawili hao, pamoja na madaktari watatu, waliikabidhi Serikali ya Tanganyika ripoti kuhusu huduma za afya za nchi hiyo changa.

Hoja yake kuu inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Hospitali za mjini hula bajeti, ilhali wananchi wengi wanaishi vijijini na wanaugua maradhi yanayozuilika. Kwa hiyo upanuzi wa hospitali uzuiwe, na nguvu ielekezwe katika vituo vya afya vya vijijini vinavyounganisha kinga na tiba. Miaka miwili baadaye, mwaka 1966, kilitoka kitabu cha Maurice King kuhusu tiba katika nchi zinazoendelea, kilichotokana na mkutano uliofanyika Makerere. Mwaka 1978 ulimwengu ulikutana Alma-Ata na kulitangaza wazo la afya ya msingi. Tanganyika na Uganda zilikuwa miongoni mwa mahali ambapo wazo hilo lilipikwa, na wapishi hawakuwa Wazungu peke yao. Matabibu wasaidizi, wauguzi wa zahanati na wakunga wa vijijini walikuwa wameijua mipaka ya hospitali kubwa muda mrefu kabla ya timu ya London kuwasili.

Kwa nini basi mwanafunzi humkuta Titmuss kama mwandishi wa kitabu cha mwaka 1970 kuhusu utoaji wa damu, na wa mihadhara iliyochapishwa mwaka 1974 baada ya kifo chake, na kwa nadra humkuta Titmuss wa Tanganyika? Jibu moja limo katika mgawanyo wa vyumba vya chuo. Nchi tajiri zina “sera za jamii”. Nchi maskini zina “maendeleo”. Thandika Mkandawire, mchumi mwenye asili ya Malawi aliyeiongoza taasisi ya Umoja wa Mataifa ya utafiti wa maendeleo ya jamii kuanzia 1998 hadi 2009, alitumia miaka mingi kuubomoa ukuta huo. Alidai kuwa sera ya jamii ina kazi ya kuzalisha, kugawa, kulinda na kuunganisha taifa, na kwamba kuibakiza katika kuwaokoa wachache walio hoi ni kuikata miguu. Alipoajiriwa London School of Economics alipewa kiti cha maendeleo ya Afrika. Hilo halikuwa kosa la mtu yeyote. Ndivyo vyumba vilivyokuwa vimepangwa.

4.0 Majina ya programu kama maandiko

Wahakiki wa Kiswahili wana stadi ambayo wachumi hawana: wanajua kusoma jina. Programu za ruzuku za kanda hii zinafanana sana zinapoelezwa katika taarifa za wafadhili. Katika lugha za watu zina majina yanayobishana.

Tanzania Bara ina Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza mwaka 2012 chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF. Kunusuru ni kitenzi cha ajali. Hunusuriwa mtu anayezama au aliyemo katika nyumba inayoungua, na mwokoaji hana deni: alipita akaona akanyoosha mkono. Aliyenusuriwa anatarajiwa kushukuru na kwenda zake. Titmuss angeuita mtindo huo sera ya masalio, ambamo dola huingia tu pale soko na familia vimeshindwa, na hutoka mara hali inapotulia. Hakuna haja ya kusoma vitabu vyake ili kulijua hilo. Kitenzi kimekwisha kusema.

Kenya ina Inua Jamii. Hapa kuna amri, na anayeamrishwa hakutajwa. Nani ainue? Kinachoinuliwa nacho ni jamii nzima, si kaya moja moja. Jina hili ni pana kuliko programu yenyewe, ambayo ilikua kutokana na ruzuku za makundi maalumu. Hata hivyo jina lilikuja kukaribiana na ukweli mwaka 2018, wakati posho ya shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi ilipofunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi bila kupimwa umaskini. Zanzibar ilikuwa imetangulia. Mwezi Aprili 2016, kwa fedha za Serikali yenyewe, ilianzisha Pensheni Jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70. Neno pensheni lilikuwa la karani na mwalimu mstaafu. Kulibandika kwa mvuvi, mpasua nazi na mama aliyelea wajukuu kulikuwa ni kutamka kwamba nao walikuwa kazini muda wote huo. Katika majina yote yaliyochunguzwa hapa, hili ndilo jasiri zaidi, na inashangaza kuwa halijaandikiwa tasnifu nyingi.

Rwanda ilichukua neno ubudehe, ambalo kwa asili ni desturi ya majirani kulimiana mashamba, ikalitumia kwa mfumo wa kuzipanga kaya katika madaraja ya uwezo. Neno la kusaidiana likageuka neno la kuainishana. Burundi ina Merankabandi, na jina hilo linastahili kusimamiwa kidogo. Kwa Kirundi linabeba maana ya “uwe kama wengine”. Mwaka 1979 Peter Townsend alichapisha kitabu kikubwa kuhusu umaskini wa Uingereza. Hoja yake ilikuwa kwamba maskini ni yule anayeshindwa kushiriki maisha ambayo jamii yake huyaona kuwa ya kawaida: kualika wageni, kutoa zawadi, kuvaa kwa staha. Wanafunzi hutumia majuma kadhaa kulielewa wazo hilo na kulitofautisha na umaskini wa kalori. Mzee wa Gitega amelipata katika neno moja lililopakwa rangi kwenye kibao cha barabarani. Kama fedha inayotolewa inatosha kumfanya awe kama wengine ni swali jingine, na jina lenyewe linampa nafasi ya kuliuliza.

5.0 Mlengwa

Wapokeaji wa ruzuku za TASAF huitwa walengwa. Neno hili limeenea katika taarifa za habari, katika hotuba za viongozi na katika vinywa vya wapokeaji wenyewe, kiasi kwamba halisikiki tena. Yafaa lisikike. Limetokana na kulenga, kazi ya mwenye upinde au bunduki, na limenyambuliwa katika kauli ya kutendwa. Mlengwa hatendi. Anatafutwa, anaonekana, anapigwa au anakoswa.

Utafutaji huo una ufundi wake. Kwa mpango wa TASAF ulipita hatua tatu: kuchagua maeneo, kuiachia jamii itaje kaya zilizo duni zaidi, kisha kuzipitisha kaya hizo katika fomula ya takwimu. Fomula haimuulizi mtu ana kipato gani, kwa kuwa kipato cha mkulima hakina hati. Inauliza paa ni la nini, sakafu ni ya nini, wanalala wangapi, kuna redio au hakuna, kisha inakisia matumizi ya kaya. Kenya nayo imelifikia jambo hilohilo kwa mlango wa kuchangia. Chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, iliyoanza kutekelezwa Oktoba 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hujibu dodoso kuhusu nyumba na mali zake, na mfumo unamkadiria kipato atakachochangia. Katika nchi moja dodoso huamua nani apewe, katika nyingine huamua nani atoe kiasi gani. Katika zote mbili mtu anakutana na tarakimu kuhusu maisha yake ambayo hakuitamka na hawezi kuikagua.

Taaluma inafahamu kuwa fomula hukosea. Ina hata majina ya makosa: kosa la kumwacha anayehitaji na kosa la kumwingiza asiyehitaji. Katika mitihani mwanafunzi huulizwa namna ya kuyapunguza yote mawili, na hujibu kwa jedwali. Hapa ndipo msamiati unapofanya kazi yake ya siri. Mshale unapokosa shabaha, mpiga mshale hulaumiwa kwa upungufu wa ustadi, na dawa yake ni mazoezi au upinde bora zaidi. Hakuna anayesema shabaha imedhulumiwa. Mjane aliyeachwa nje ya orodha kwa sababu marehemu mumewe aliezeka bati mwaka mmoja kabla ya kufariki ni, kwa lugha ya mlengo, asilimia fulani ya kosa la kuacha. Kwa lugha anayoitumia yeye mwenyewe akiwa kwenye baraza la mwenyekiti wa kijiji, amedhulumiwa. Kauli hizo mbili haziwezi kupatana kwa kuboresha fomula. Ya kwanza inahitaji mtakwimu; ya pili inahitaji mahali pa kusikilizwa, muda wa kujibiwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema “tulikosea”.

Kiswahili kinayo maneno ya kumwita mjane huyo kwa namna nyingine. Kuna mnufaika, neno linalotumika sana kwa mikopo ya wanafunzi, ambalo angalau linamtazama mtu kwa upande wa anachopata. Kuna mwananchi, ambaye umbo la jina lake linamweka pamoja na mwanachama na mwanakijiji, wenye sehemu yao katika kitu. Marshall anapotafsiriwa, neno linalochaguliwa kwa kawaida ni uraia, na raia kwa asili ya Kiarabu ni mtawaliwa, aliye chini ya mchungaji. Insha nzima ya haki inaingia katika Kiswahili kupitia neno la utii. Mfasiri hana lawama, maana ndilo neno la kisheria. Lakini mwalimu anayefundisha Marshall bila kugusa tofauti ya raia na mwananchi anakipita kisima akiwa na kiu.

Muhimu kuliko hayo ni jozi ya stahili na stahiki. Masikioni zinakaribiana, na watu huzichanganya. Kustahili kumetokana na mzizi wa Kiarabu wa kufaa, kuwa na sifa; stahiki imetokana na mzizi uliozaa haki. Anayestahili huchunguzwa tabia na hali yake. Sheria ya maskini ya Uingereza ya mwaka 1834 iliishi kwa uchunguzi wa aina hiyo, na taaluma ya sera za jamii ilizaliwa kwa kiasi fulani ili kuuacha. Mwenye stahiki hachunguzwi tabia: anaonyesha hati, tarehe ya kuzaliwa au muda wa utumishi, kisha anadai. Wafanyakazi wa umma wa Tanzania wanaposema “tulipwe stahiki zetu” hakuna anayewasikia wakiomba. Pensheni Jamii imempeleka mzee asiyewahi kuajiriwa katika upande huo wa lugha. Kunusuru kumembakiza mwenzake wa ng’ambo ya bahari katika upande wa kustahili, na umaskini wao unaweza kuwa sawasawa.

Isidhaniwe kuwa Kiswahili chenyewe hakina doa. Mfadhili ametokana na fadhila, mhisani na ihsani, na fadhila katika methali zetu hudai shukrani kwa ukali. Hifadhi ya jamii inatumia neno lilelile la hifadhi ya wanyamapori, na mzaha wa wanafunzi kwamba maskini wa Serengeti wana hifadhi mbili na hawaruhusiwi kuchunga katika yoyote una chembe ya ukweli isiyofurahisha. Hata Nyerere, katika kijitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu ujamaa, aliitumia methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo husomwa kama sifa ya ukarimu na bidii. Inaweza pia kusomwa kama nadharia kamili ya ruzuku yenye sharti la kazi, iliyoandikwa miongo kadhaa kabla ya programu za ajira za muda zinazofadhiliwa leo, na yenye ugumu uleule: nani anaamua kuwa mgeni ana nguvu ya kushika jembe? Ndiyo sababu Kiswahili kinafaa kwa taaluma hii. Ubishi umo ndani yake, na haujapigwa pasi.

6.0 Siasa, sera na kikokotoo

Mwaka 1967 TANU iliuita msimamo wake “siasa ya ujamaa na kujitegemea”. Mwaka 1972 kaulimbiu ilikuwa “Siasa ni Kilimo”. Leo maneno hayo yangetumia sera. Kifaransa, kinachosomwa na wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi, bado kina neno moja kwa mambo hayo mawili. Kiingereza kina mawili, na Kiswahili cha utawala kimekuja kukifuata. Faida ipo: mtu anaweza kuijadili sera ya afya bila kudhaniwa anapiga kampeni. Hasara yake ni kwamba sera imekuwa mali ya wataalamu, siasa ikabaki ya majukwaani, na uamuzi wa nani alipe na nani apewe umehamishwa kutoka neno la pili kwenda la kwanza bila wenye nchi kuarifiwa.

Wanaopinga ufundishaji wa taaluma hii kwa Kiswahili hutoa hoja zinazofahamika: istilahi hazijasanifiwa, vitabu hakuna, mhitimu atashindana na wenzake wa dunia nzima. Hoja ya vitabu ni ya kweli. Pendekezo la Tume ya Rais ya Elimu la mwaka 1982 la kukipeleka Kiswahili sekondari hadi chuo kikuu lilikataliwa na Serikali, na pengo la vitabu lililopo leo ni mtoto wa uamuzi huo. Hoja ya istilahi ni dhaifu. Mwaka 2018 kanuni mpya za mafao zilipunguza sehemu ya mkupuo anayopewa mstaafu wa Tanzania hadi asilimia 25. Walimu, wauguzi na makarani walilijadili jambo hilo nchi nzima, na kwa miezi kadhaa neno kikokotoo lilikuwa katika kila daladala. Walibishana kuhusu umri wa kuishi baada ya kustaafu, thamani ya fedha ya kesho dhidi ya leo, na uwiano wa mkupuo na malipo ya mwezi. Hizo ni mada za muhula mzima wa shahada ya uzamili. Desemba mwaka huohuo Rais aliisimamisha kanuni hiyo. Mwaka 2022 ikaja ya asilimia 33. Hakuna aliyekwama kwa kukosa istilahi.

Kinachofuata kinawahusu washauri wa sera kuliko wanaisimu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999, unazungumzia ustawi wa jamii katika Ibara ya 120. Ibara ya 137 ya mkataba huohuo iliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na kukipa Kiswahili nafasi ya lugha ya mawasiliano mapana. Tangu hapo Rwanda imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017, Baraza la Mawaziri la Uganda likafanya uamuzi wa namna hiyo mwaka 2022, na mwaka huohuo Kongo ikaingia katika Jumuiya pamoja na mamilioni ya wasemaji wake. Nyaraka za hifadhi ya jamii zitaendelea kutafsiriwa, na kila faharasa itakuwa na mstari mmoja kwa yule anayepokea. Mfasiri atakayefika kwenye mstari huo atakuta “mlengwa” limekwisha kuzoeleka na ni rahisi kuliacha. Kabla hajaliacha, asome fomu ya malalamiko ya programu yoyote ya kanda hii, aangalie kama kuna mahali palipoandikwa ni siku ngapi mlalamikaji atasubiri jibu.